Kazi Niliyosomea na Maziko ya Chwaka

Vijana wanaotaka kusomea huduma ya vijana huja kwangu na suali moja: ukimaliza, unakuwa nani? Aliyesomea udaktari anakuwa daktari, aliyesomea sheria anakuwa wakili, na huyu je? Wazazi wao ndio wakali zaidi. Juzi baba mmoja alinisimamisha sokoni Darajani, fungu la mchicha mkononi, akanambia, "Bi Tekla, mwanangu anataka kwenda chuo kusomea kukaa na vijana wenzake. Hebu mkanye, wewe anakusikia." Sikuahidi kumkanya. Nilimwambia amlete tuzungumze, na ule mchicha aufikishe nyumbani kabla haujanyauka.

Mie kazi hiyo nimeifanya hapa Unguja mpaka nimestaafu. Nimezaliwa Mbweni, nimesoma bara, nimetumikia vijana kanisani Mji Mkongwe, na sasa nipo nyumbani nafuga kuku, nao hawasikii vilevile. Nyinyi mnaoniuliza nitakujibuni, lakini sijui kujibu kwa mafungu kama mwalimu wa chuo. Nitakusimulieni siku moja tu, siku aliyofiwa Danieli. Nikipotea njiani, nivumilieni.

Danieli alikuwa mpiga kinanda wa kundi letu la vijana, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mamaake ni mtu wa Tukuyu, alikuja Unguja kupika kwenye hoteli moja huku Mbweni. Babaake ni Mzee Haji wa Chwaka, fundi wa chokaa, aliyekuwa akija mjini kukarabati kuta za majumba ya zamani. Wakaoana, wakaachana Danieli hajaanza kutembea. Mzee Haji akarudi Chwaka, akaoa kwao. Mama akabaki na mtoto, akamlea kwa dini yake mwenyewe, ndo kusema kanisani.

Baba na mwana walikuwa wakionana. Likizo za skuli Danieli alimfuata babaake kazini, akichanganya chokaa, na ukifika wakati wa sala babaake anaingia msikitini, yeye anamngoja nje na ndoo. Hawakugombana juu ya hilo hata siku moja. Lakini Chwaka kwenyewe Danieli hakuwahi kutia mguu. Huko kulikuwa na mke na watoto wengine, na kulikuwa na ami yake, Mzee Pandu, aliyesema mbele za watu kwamba damu yao imepotezwa kanisani.

Basi asubuhi moja simu ya Danieli ikalia. Alikuwa Asha, dada yake wa Chwaka, ambaye hawajapata kuonana naye uso kwa uso. Nambari kaikuta kwenye simu ya marehemu. "Baba katutoka alfajiri," akamwambia. "Maziko baada ya sala ya alasiri."

Danieli akaja ofisini kwangu. Alisimama mlangoni, nikamwambia kaa, hakukaa.

"Bi Tekla, nataka kumzika baba," akasema. "Lakini sitaki kwenda kusimama mbali kama mpita njia. Nataka nimzike kama mwanawe. Na wakinifukuza je?"

Mamaake alikuwa kwao Tukuyu anauguza mzazi wake, asingeweza kufika hata kwa ndege. Aliyebaki wa kufuatana naye ni mie, na mie ndiye khasa niliyemfundisha Biblia tangu mdogo. Kama Mzee Pandu ana kinyongo na mtu mmoja kisiwani hapa, mtu huyo yumo ndani ya gauni langu. Na alasiri haingoji mtu.

Sasa nambieni, jambo kama hilo linasomewa wapi?

Chuoni tulisoma mengi. Biblia, ndiyo, lakini pia makuzi ya vijana, ushauri nasaha, namna ya kuendesha kikao bila watu kurushiana viti, namna ya kupanga kambi, na namna ya kusikiliza, ambalo mtu hudhani analijua mpaka aanze kufundishwa. Miezi ya vitendo tulipelekwa hospitali, skuli na magereza. Mie mwanzoni walinicheka sana. Siku ya kwanza mwalimu anaita majina, kafika kwangu, nikaitika "Naam." Akaniuliza kwa upole kama sijakosea chuo. Wiki ileile nikaambiwa mtihani unakuja, nikasema inshallah, na mwenzangu wa chumbani, msichana wa Singida, akaanza kufunga na kuomba ili niokoke. Nilimwambia, dada, mie nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, ila kwetu Mungu tunamtaja hivi. Miaka ya baadaye alikuja kunitembelea, akakaa Mbweni likizo nzima, akarudi kwao anasema inshallah kunishinda mie.

Lakini chuo hakikunifunza Unguja. Aliyenifunza Unguja ni Mwalimu Stefano, katekista wetu wa Mbweni, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, sasa marehemu. Niliporudi na cheti changu nikitaka kuanza semina, akanichukua nyumba hadi nyumba, za Wakristo na za Waislamu, kusalimu tu. Kila nyumba anakaa, anakunywa chai, anauliza hali ya mbuzi. Nilinung'unika, jua kali, viatu vinanibana. Akanambia, "Kijana wa hapa hana baba mmoja. Ana ami, ana mjomba, ana shangazi, ana jirani aliyemwogesha. Kabla hujasema naye, jua nani anasema naye nyumbani." Nikaona mzee ananipotezea wakati. Ilipita muda mrefu ndo nikaona kwamba nusu ya kazi yangu ameifanya yeye kwenye zile chai.

Jingine nililijua mwenyewe, na hili liandikeni. Ukitaka kijana akwambie lililo moyoni, usimwite ofisini ukamkalisha mkabala na wewe. Atakutazama kama yuko mahakamani. Mpe sufuria lenye ukoko na gunzi la kusugulia, na wewe shika jingine. Macho yake yakishakuwa kwenye sufuria, mdomo unafunguka wenyewe. Habari za mimba, za unga wa kulevya, za mtoto anayepigwa nyumbani, zote nilizipata kwenye kuosha vyombo baada ya chakula cha kundi. Nilipostaafu walinipa zawadi ya saa ya ukutani. Ningependa zaidi wanipe lile sufuria kubwa.

Narudi kwa Danieli. Nilimpa maji akanywa, kisha nikampigia simu Asha mwenyewe. Nilimuuliza nani mkubwa wa msiba, akasema ni Mzee Pandu. Nikamwomba amfikishie kwamba Danieli anakuja, na kwamba Bi Tekla wa kanisani anakuja naye, ili asije kutuona ghafla mlangoni akadhani tumemvamia.

"Nitamwambia," Asha akasema. Kisha akashusha sauti. "Ila Bi, mwambie kaka avae kanzu, ajitie safuni aswali na wenziwe. Nani atajua? Mambo yaishe."

Simu yangu ina sauti kubwa. Danieli alisikia, akaniangalia.

Nawaambieni kweli, hapo niliogopa. Nikimwambia fanya, nimemfunza udanganyifu mbele ya maiti ya babaake, na nimewadharau wale watu na sala yao. Nikimwambia usifanye, na wakamfukuza, nimemnyima kumzika mzazi wake, jambo ambalo halirudiwi. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema hajui. Nikamwambia basi tutazame njiani, lakini atakaloamua liwe lake, siyo langu wala la Asha.

Huku sisi tunazungumza, kumbe Elisha yuko kazini.

Elisha ndiye kijana aliyeletwa anisaidie, kijana wa Mwanza, kasoma kozi ileile niliyosoma mie, kwenye chuo kipya zaidi na vitabu vipya zaidi. Ana moyo mzuri, ana bidii ya kuchosha watu. Tulikuwa tumeshapata mtihani wake mmoja mwaka aliofika. Alipanga safari ya vijana kwenda Kidichi kujifunza mashamba ya viungo, akaniaga, nikasema nendeni kwa amani. Hakunambia kwamba kabeba pilau ya mchana, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Vijana wetu wazawa walijua, lakini waliona haya kumwambia kiongozi. Wamefika, wametandika mikeka chini ya mikarafuu, wamefunua masufuria, harufu imetanda mtaa mzima. Mzee mwenye shamba akatoka, akawatazama, akasema, "Wanangu, karibuni sana. Ila futari bado." Elisha akafunika masufuria kwa mikono miwili, kama mtu aliyefumaniwa. Mzee akawazuia wasiondoke, wakamsaidia kuchambua karafuu mpaka magharibi, wakafuturu naye, na ile pilau ikaliwa na majirani. Elisha alirudi amekonda kwa aibu, ila tangu siku ile kila akienda Kidichi hushukia kwa mzee yule.

Siku ya msiba sasa. Zamani mwanakundi akifiwa, habari ilitembea kwa miguu, na mtu mwenye akili alipata nafasi ya kuisimamisha. Siku hizi kuna kundi la WhatsApp. Danieli aliandika mstari mmoja tu kwamba kafiwa na baba, na mie nilipotoka ofisini naye, nikakuta basi dogo limesimama nje ya lango la kanisa na kwaya nzima imo ndani. Sare ya zambarau. Ngoma. Spika. Shada la maua. Na Elisha kashika msalaba wa mbao, rangi mbichi, umeandikwa jina la Mzee Haji.

Msalaba, wanangu. Wa kumpelekea Mzee Haji wa Chwaka.

"Elisha," nikamwita, "huo ni wa nini?"

"Wa kaburi, Mama. Kwetu mwanakundi akifiwa hatumwachi peke yake. Tunaimba mpaka kaburini."

"Aliyefariki ni nani?"

"Babaake Danieli."

"Dini yake?"

Akautazama msalaba, akanitazama mie, akautazama tena. "Yesu wangu," akasema polepole, na akaanza kuuficha nyuma ya mgongo, kama vile mie sijauona.

Danieli alicheka. Ndo mara ya kwanza asubuhi ile, na kicheko kikageuka kilio hapohapo, akaegemea ubavu wa basi. Wale vijana wakashuka wote wakamzunguka. Kwa hilo sikuwarudisha. Nilikuwa nataka kusema nendeni makwenu, lakini nikaona kwamba kama Chwaka watamfukuza, atahitaji wa kurudi nao. Tena kule bara walikotoka wengi wao, msiba bila kwaya ni sawa na kumwambia mfiwa kwamba hukumpenda. Mapenzi walikuwa nayo. Walikuwa hawajui tu wayaweke wapi.

Mwalimu Stefano alikuwa akisema ukienda kwa wenye chongo, funga lako jicho. Basi nikawafungisha. Ngoma, spika na maua vikarudi stoo. Msalaba Elisha aliubeba mwenyewe akaupeleka kwa mlinzi, sijui alimwambia nini. Wavulana nikawaambia suruali ndefu na shati la kawaida, wasichana kanga na mtandio, na yule mwenye kucha nyekundu aweke mikono ndani ya kanga. Mkifika, semeni "Makiwa", mkae mnapoonyeshwa. Wasichana watakaa nami upande wa wanawake, hawaendi makaburini. Wavulana wakati wa sala watasimama nje, kimya, simu zimezimwa. Hakuna salamu za kusomwa, hakuna kikosi cha kutambulishwa. Kulia ruksa, kupiga kelele hapana. Na wasubiri kwanza, mie na Danieli tutangulie na gari ya mchungaji, nikiwapigia simu ndo waje.

Njiani Danieli hakusema mengi. Kwenye magari ya msiba mie sisemeshi mtu, hilo nalo ni somo. Tulipoanza kuona mwani umeanikwa kandoni mwa njia, akasema, "Bi Tekla, nikiswali leo na kesho siswali, nitakuwa nimemdanganya nani?" Nikamwambia sijui, mwanangu, lakini nadhani wewe umeshajua. Akaangalia nje mpaka tukafika.

Mzee Pandu alikuwa barazani na wazee wenziwe. Mrefu, mweusi, kakonda, kanzu safi, macho yamemvimba kwa kulia. Nilisema makiwa, wakaitikia. Danieli akasema, "Shikamoo, ami."

Mzee Pandu alimtazama kwa muda. Kijana kafanana na babaake mpaka anakera. "Marahaba," akasema, kisha akanigeukia mie. "Wewe ndo Bi Tekla?"

"Ndiye mie, Mzee Pandu."

"Uliyemfunza kanisani?"

"Ndiye."

"Na leo umemleta aje kutuimbia?"

"Nimemleta amzike babaake. Kuimba kumebaki mjini." Sikusema kumebaki wapi wala na nini kingine kimebaki. "Kuna wenziwe wanataka kuja kukaa msibani, kama utawapa ruhusa. Ukisema wasije, hawaji."

Mzee Pandu akamuuliza Danieli, "Utaswali?"

Wazee wote wakamtazama. Asha alikuwa kasimama kwenye kizingiti, kafunika mdomo kwa ukaya. Nilijua anaomba Danieli aseme ndiyo, na wallahi nami roho yangu nusu ilikuwa inaomba vivyo hivyo.

"Sitoswali, ami," Danieli akasema. "Baba alikuwa akiswali, mie namngoja nje. Hakunilazimisha, na mie sikumdanganya. Leo nikijitia safuni, ndo itakuwa mara ya kwanza kumdanganya, naye hawezi hata kunijibu. Nakuomba unisamehe. Lakini nataka kumbeba."

Mmoja wa wale wazee akakohoa. Mzee Pandu akafuta uso wake kwa kiganja, kuanzia kipaji mpaka kidevu, na nilimwona kwamba anatafuta hasira aliyokuwa nayo jana, haioni ilipo.

"Jeneza utabeba," akasema mwisho. "Kwenye sala utasimama nje. Kaburini hutoshuka, watashuka ndugu zako. Mchanga utatia. Na hao wenzio waje, wakae kwa adabu."

"Nashukuru, ami."

"Usinishukuru. Baba yako huyo."

Mie nikapelekwa ndani kwa wanawake. Mjane, Bi Mize, alikuwa chumbani kakaa juu ya mkeka, kajifunika, keshaanza eda yake. Nilimpa pole, akaitikia kwa kichwa, hakusema neno. Sikumlaumu. Mwanamke kapoteza mume asubuhi, na kabla ya alasiri anaingiliwa na mwalimu wa kanisa akifuatana na mtoto wa mke wa kwanza. Nilikaa karibu na mlango, pasipo kumbughudhi mtu. Wasichana wetu walipofika wakakaa nyuma yangu, wamenyooka, wametulia, na yule wa kucha nyekundu kaikunja mikono mpaka nikamhurumia.

Jeneza likatoka. Tukazisikia sauti za wanaume wakienda nazo, zikififia. Wanawake wa Kizanzibari katika kipindi kile hungoja, na mie nikangoja nao. Nami naona huku tunangoja nikujibuni lile suali lenu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mkisoma huduma ya vijana, wachache wenu watakuwa kama mie, watumishi wa vijana kanisani. Nafasi hizo si nyingi, na mshahara wake mtu haringi nao. Wengine wanafundisha dini na stadi za maisha skuli. Msichana mmoja niliyemlea ni mlezi wa dahalia, bweni la wanafunzi, analala na funguo mkononi, na anajua nani anaumwa na nani anajiumwisha. Mwengine hoteli moja ya pwani ya mashariki wamemwajiri ashughulikie wafanyakazi, maana vijana wanatoka kila mahali, wako mbali na wazazi, na meneja alichoka kuamua ugomvi wa lugha asiyoifahamu. Kuna aliyeendelea na masomo ya ustawi wa jamii, kuna anayezungukia wagonjwa hospitali. Elisha yupo bado, na sasa yeye ndiye mkubwa ofisini, na akija kijana mgeni kutoka chuoni, jambo la kwanza humuuliza anajua Ramadhani inaanza lini.

Na Danieli. Siku ile alikuwa ameshapata nafasi chuoni, na babaake alishamwambia kasome lakini chokaa usiisahau. Leo ni mshauri nasaha kwenye soba hausi, nyumba ya vijana wanaojaribu kuacha unga. Asubuhi anakaa nao wanazungumza. Jioni anawafunza kupiga lipu ya chokaa, na ukuta mzima wa ile nyumba wameupiga wao. Ananambia wengi husema ukweli wakiwa juu ya ngazi, migongo imemgeukia. Nikamwambia hiyo ni kazi ya masufuria, umebadilisha chombo tu.

Kwa hiyo mwambieni baba mwenye mchicha kwamba kazi zipo, ingawa kwenye mlango wa ofisi haziandikwi kwa jina hilo. Utakachosomea ni kukaa na mtu mdogo kwenye saa yake ngumu bila kumwamulia na bila kumkimbia. Vyuoni hufunza mlango wa kuingilia. Mengine utayakuta ndani.

Wanaume wakarudi. Elisha akaja mpaka kwenye dirisha la nyuma, akanong'ona, "Kabeba, Mama. Kapokezana bega na ndugu zake mpaka makaburini, hakuna aliyemzuia. Mchanga katia." Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia asante, rudi kwa wenzio.

Lakini mie sikuwa nimetulia. Kwa nyinyi mliokuja Unguja juzi, jueni kwamba bado lilikuwepo jambo moja. Maziko yakimalizika, wanaume wa nyumba ya marehemu husimama safu moja mbele ya nyumba, na watu hupita mmoja mmoja kuwapa mkono wa tanzia. Aliyesimama safuni ndiye mfiwa. Anayepita ni mgeni. Hakuna anayetangaza, lakini kijiji kizima hutazama nani kasimama wapi, na walichokiona siku hiyo ndicho watakachokijua siku zote. Jambo hilo mie sikuligusa nilipozungumza na Mzee Pandu. Alishatupa jeneza. Kuomba zaidi kungekuwa kama kuvutana bei msibani.

Nikasogea mlangoni, nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Safu ilikuwa imesimama: Mzee Pandu mwanzo, kisha watoto wa Mzee Haji, wakubwa kwa wadogo, kisha binamu. Danieli hakuwemo. Alikuwa kwenye foleni, kati ya wavulana wa kwaya, anasogea kidogo kidogo, uso chini, kama kijana yeyote aliyetoka mjini kuja kuhani msiba. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyemwita. Nilijiambia yatosha, Tekla, mtoto kambeba babaake, unataka nini tena? Lakini hayakunitosha.

Zamu yake ikafika. Akanyoosha mkono kumpa ami yake.

Mzee Pandu aliutazama ule mkono wala hakuupokea. Watu wa nyuma wakasimama. Kisha akamshika Danieli juu ya kiwiko, akamgeuza aelekee watu, akamwingiza baina yake na mtoto mkubwa wa Bi Mize, na yule ndugu akasogea kumpa nafasi bila kuambiwa.

"Unakwenda wapi?" Mzee Pandu akasema, na sauti yake tuliisikia mpaka ndani. "Wewe hutoi mkono. Wewe unapewa."

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Elisha. Akampa mkono Mzee Pandu, akampa Danieli, na hapo wakashikana tu mpaka mzee mmoja wa nyuma akamgusa bega asogee. Baada yake wakapita watu wa Chwaka, na kila mmoja akampa Danieli mkono kama walivyowapa wenziwe.

Bi Mize alikuwa palepale mkekani, haoni nje. Akasema nami kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Bi Tekla. Yule mtoto kasimama wapi?"

"Baina ya ami yake na mwanao mkubwa," nikamwambia.

Alipangusa macho kwa ncha ya kanga. Kisha akamwita Asha, akamwambia, "Ukipakua, wanangu wawekee sinia moja. Na yeye awemo."